Gilets zenye zilikuwa ku écran tu

Rafiki yangu, karibia kidogo. Hii maneno sikuielezea kila mutu, na ata ku kanisa nilisemaka nusu tu. Weye nakuambia yote, juu najua utaisoma mpaka mwisho mbele ya kufungua kinywa.

Nimeacha kazi. Batu ba quartier banasema «Maman Aline ameingia retraite» na banacheka, juu sijafika ata miaka makumi tano na nywele nyeupe naificha na kitambaa. Bacheke. Nilifanya kazi ya programu mu hii Bukavu kuanzia Aline, binti yangu, akiwa mutoto mudogo mpaka amezaa wake. Ile inatosha kwa retraite, ata kama hakuna mwenye aliniletea maua ya plastike na hotuba.

Sitasema juu ya mushahara, wala nani alikuwa chef wa nani. Ile haisaidie mutu. Nitasema juu ya kitu moja kidogo ndani ya programu, kitu yenye mukono ya kila mutu haipashwe kugusa, na mukono yenye iligusa. Niko na hasira. Nilienda kuungama ile hasira kwa padiri wetu. Alinisikiliza muzuri, kiisha akaniuliza:

«Maman, unataka Mungu aiondoe?»

Nikamujibu: «Bado, mon père. Niko na kazi nayo.»

Informatique, elimu ya kompyuta, nilijifunzia mangaribi, mu cours du soir, mu salle ya paroisse ku Kadutu. Muchana nilikuwa nauzisha makala, mangaribi nanawa mikono, nafunga Aline ku mugongo, naenda kusoma. Mwalimu wetu alikuwa Tonton Ramazani, mujomba wa siye bote, Mwislamu wa Uvira. Ba nkambo yake, babu zake, balitokaka mbali kule ku mashariki na biashara, na yeye alikuwa anazungumuza Kiswahili ya kunyooka mpaka siye tulikuwa tunaona sawa vile anasoma radio. Siku ya kwanza aliita majina ya banafunzi. Akafika kwangu, akaangaria nyuma ya bega yangu, akauliza:

«Na huyu wa mgongoni, anaitwa nani?»

«Ule ni mutoto tu, mwalimu.»

«Nimeuliza jina.»

«Aline.»

Akaandika Aline. Kila mangaribi alikuwa anamuita, na salle yote inajibu «présente!», ni kusema iko, juu Aline alikuwa analala. Tulikuwa tunacheka. Mi sikujua bado kama ile haikukuwa muchezo.

Kiisha miaka, mutu moja mwenye bateau, meli ya ziwa ya kupeleka abiria Goma, alimuita Tonton amutengenezee programu ya bilete. Tonton akaniita na miye. Ule mwenye bateau tutamuita Patron tu, juu bote tulikuwa tunamuita vile na jina yake sitaitaja. Bureau yetu ilikuwa ku étage, juu ya guichet ya kuuzisha bilete, dirisha inaangaria ku port, ku bandari. Tulikuwa na machine moja, kompyuta yenye kitufe yake ya «e» ilikufa, tunaifinya na kifuniko ya bic, ya kalamu. Tulikuwa na batri ya camion chini ya meza kwa siku za kukosa courant, umeme. Na kila mutu alikuwa na clé USB ku shingo na kamba, sawa rozari. Mi nilikuwa na byote bibili, na mara mingi mu sala nilikuwa nashika clé.

Ile clé njo ilikuwa namna yetu ya kazi, na banafunzi ba leo banapashwa kuijua. Courant ikipotea, unakopia programu yote mu clé, unaenda kutafuta fasi kwenye courant iko, ku ndugu, ku paroisse, ku hôpital, unafanya kazi kule, kiisha unarudi unamwanga juu ya ile ya bureau. Kwa hiyo kila mutu alikuwa na programu yote mu shingo, na kila mutu alikuwa anagusa kila kitu. Patron alikuwa anapenda ile. Alikuwa anasema: «Hapa tuko famille. Mu famille hakuna mulango ya kufunga.»

Tonton alikuwa anamuitika tu kwa adabu. Kiisha akarudi ku machine, akanifundisha kufunga.

Nitaelezea kwa mwenye hajui. Mu programu yetu bateau ilikuwa objet. Ile objet inabeba bitu byake ndani: jina yake, batu ngapi inaweza kubeba, gilets ngapi ziko ndani. Gilet ni ile nguo ya machungwa yenye unavaa usizame. Bile bitu tunabiitaka attributs. Shida ni hii: usipokataza, mutu yeyote mwenye anaandika fasi yoyote ya programu anaweza kuingia na kubadirisha attribut. Ule wa guichet, ule wa rapport, ule mwenye alikuja stage, kujifunza kazi, na bado hajui kuzima machine. Bote.

Sikusikia vile vizuri siku ya kwanza. Njo Tonton akaniuliza:

«Maman Aline, nyumbani kwako ukipika sombe, nani anaweka chumvi?»

«Miye.»

«Na mkwe wako akiingia jikoni?»

«Anaonja.»

«Akiona haina chumvi?»

«Anasema. Anasema na anasema! Lakini haweke.»

«Kwa nini? Ana mikono.»

«Eh Tonton! Kila mutu akipita aweke chumvi, nani atakula ile sombe?»

«Basi,» akasema. «Kila mtu aonje. Mkono mmoja uweke.»

Ile njo masomo yote. Kusoma attribut, kila mutu ana ruhusa. Kuandika, ni kupitia mulango moja, na ku ule mulango unaweka mulinzi mwenye anauliza: unatoka wapi, unaleta nini, ni kweli?

Luga yenye tulikuwa tunatumia inaitwaka Python. Mu ile luga, ukianzisha jina ya attribut na tiret moja ya chini, kale kamustari kadogo, ni sawa unaambia benzako: tafazali, hii ni ya ndani, musiiguse. Ukiweka tiret mbili, luga yenyewe inageuza ile jina kidogo, mwenye anaiita kutoka inje haiipate. Nilifurahi sana, nikasema sasa tumepata kufuli. Tonton akatikisa kichwa.

«Usidanganyike. Anayetaka kuipata ataipata, akijua jina limegeuzwa vipi. Lugha hii haina kufuli, Maman Aline. Ina adabu tu.»

Nilicheka. Nilifikiri batu bote beko na adabu.

Vita yetu ya kwanza ilikuwa juu ya capacité, ile hesabu ya batu benye bateau inaweza kubeba. Siku za Noeli, batu banajaa ku port sawa nyuki, na mutu wa guichet alikuwa anaingia mu programu anaongeza capacité, sawa vile bateau imenona. Tonton akaifunga. Ukiisoma inajibu, ukitaka kuiandika programu inakukatala na maneno mukali. Patron alipanda ku étage na viatu ya kelele.

«Ramazani! Munafungia nani? Hapa si tuko famille?»

«Ndiyo, Patron. Na famille ndiyo inayopanda bateau.»

Patron akashuka ngazi. Lakini usifikiri aliguswa roho. Aliacha juu capacité iliandikwa na rangi ku mbavu ya bateau, kubwa, na batu ba port banaisoma. Ukidanganya mu machine, mbavu inakusemea. Gilets haiko vile. Gilets hakuna mwenye anaziangaria, ziko mu ma coffre, masanduku ya chini ya ma banc ya kukalia, na utajua kama ziko ao haziko ile siku tu yenye unazitaka.

Kwa hiyo tulizifunga zaidi. Papa Kulimushi, marin, baharia wa zamani mwenye alizaliwa ku Kalehe, njo alikuwa anazihesabu kila asubui. Alikuwa anafungua kila coffre, anagusa kila gilet na mukono, anahesabu na sauti kwa Mashi, luga ya huku kwetu, kiisha anaandika hesabu mu tablette kidogo. Ile hesabu inapita ku mulango yetu moja, inaingia mu attribut ya tiret mbili, na hakuna mutu mwingine mwenye anaiandika. Gilets zikitosha, écran, kioo ya machine, inakuwa verte, kijani; zikikuwa kidogo kuliko batu, inakuwa rouge, nyekundu, na feuille, karatasi ya ruhusa ya kuondoka, haitoke. Bila ile feuille, bateau hailegeze kamba.

Papa Kulimushi alikuwa anajivuna na ile kazi. Alikuwa ananiambia na heshima ya Mashi: «Yagirwa, bo beko na machine, mi niko mukono ya machine.»

Kitu moja nilishindwa. Batoto badogo, benye habalipe bilete, programu haikukuwa inabahesabu. Nilimuendea Patron.

«Patron, mutoto wa mugongoni na yeye anazama.»

«Maman Aline, mutoto wa mugongoni ni mama yake. Bo bawili ni mutu moja.»

«Mi nilizaa, Patron. Si mutu moja.»

«Likambo te, maman. Enda fanya kazi.»

«Likambo te» ni Lingala ya kusema hakuna shida. Nimesikia ile maneno mara mingi mu maisha, na kila mara shida ilikuwa imesimama pale pale inatuangaria.

Kiisha macho ya Tonton ilianza kukufa, akarudi kwao Uvira kwa batoto bake. Siku ya kuondoka alinipa kifuniko ya bic ya ile kitufe ya «e». Akasema: «Wewe sasa ndiye unayeweka chumvi.» Nililia mpaka ku rond-point.

Fasi yake Patron alileta Serge. Serge alisomea Kampala, na sitamusemea mubaya juu ya akili, juu akili alikuwa nayo mingi. Alikuwa ananiita «Ya Maman» kwa heshima, analeta beignets, mandazi, asubui, anatengeneza mu saa moja kitu yenye ingenikalisha siku mbili. Alikuwa anajua ile luga kuliko miye. Njo maana niko na hasira. Mwenye hajui, unamufundisha. Serge alikuwa anajua.

Mu ile wakati gilets zilianza kupunguka. Mutu anaondoka nayo ku Goma sawa koti. Ba marin banalalia, inapasuka. Nilionaka moja mu soko ya Kadutu, muuzisha kuku ameikalia, na kuku moja iko inachungulia kwa fasi ya shingo. Na kila asubui Papa Kulimushi anahesabu, na kila asubui écran iko rouge, na batu banalalamika ku guichet, juu barabara ya Goma ilikuwa mubaya na bateau njo ilikuwa njia ya bote. Patron anapanda ngazi anapiga kelele: «Mi nataka verte! Nani amewaambia rouge?»

«Ni gilets, Patron,» namujibu. «Leta gilets, itakuwa verte.»

Hakuniangaria. Aliangaria Serge. «Weye wa Kampala. Fanya ikuwe verte.»

Serge akacheka, sawa vile anachekaka. «Patron akisema, mvua inasimama.»

Nilifikiri ni masolo, maneno ya kuchekesha tu. Kiisha siku kidogo, écran ikakuwa verte. Patron akasema gilets mupya zimefika. Nilimushukuru Mungu. Ndiyo, rafiki, nilimushukuru mu sala ya mangaribi, nikataja na jina ya Patron na ya Serge.

Sasa sikia. Aline alikuwa amekuja kunionyesha mutoto wake, Espoir. Alikaa kwangu, tukamushikilia ule mutoto bote, kiisha wakati wa kurudi kwa bwana yake ku Goma ikafika. Nilibasindikiza asubui ku port. Aline alimufunga Espoir ku mugongo na kitenge yangu, ile ya chorale, kwaya ya bamaman. Nikamubariki mutoto ku paji ya uso. Nikapanda ku bureau. Écran verte. Nikaangaria ku dirisha mpaka bateau inapita ile kona ya mwisho. Nikaanza kazi.

Mbele ya midi, saa sita ya muchana, telefone ikalia. Papa Kulimushi. Alikuwa mu ile bateau, na reseau ilikuwa inakatika. Nilisikia tu «moteur», na «mawimbi», na bamama banapiga makelele. Kiisha ikakatika.

Yenye ilifika kule, Aline na Papa Kulimushi njo balinielezea, na nakuambia vile balisema. Bateau ilikuwa inapita karibu na kisiwa ya Idjwi, moteur ikazima. Upepo ikaanza kuigeuza upande. Marin mukubwa akasema bote bavae gilets. Bakafungua ma coffre. Ba kwanza bakavaa, ba nyuma bakakuta mbao tu ya coffre. Batu bakaanza kunyanganyana. Mwanaume mumoja wa cravate, tai ku shingo, alivua moja ku mwili ya mutoto wa shule, na mama ya ule mutoto akamung'ata mukono, na mi naomba Mungu ile alama isipone.

Aline hakupata. Alimutoa Espoir ku mugongo, akamuweka ku kifua. Karibu yake kulikuwa maman mumoja muuzisha avoka, maparachichi, mwenye alipashwa kushuka ku njia. Habakujuana. Ule maman alikuwa amevaa gilet yake. Aliangaria Espoir. Kiisha akaanza kufungua ma kamba.

Aline akamuambia: «Hapana, maman, na weye?»

Ule akajibu: «Mi niko muzito, mutoto yangu, ata maji itaogopa kunimeza. Leta huyu.»

Bakamuzungushia Espoir gilet ya mutu mukubwa, bakafunga na kitenge ya chorale. Alikuwa sawa muhogo mu kapo. Bakakaa vile, bamama babili benye habana kitu, bameshika mutoto mwenye iko nayo, mpaka pirogue, mutumbwi ya moteur ya batu ba Kalehe, ikafika na kuvuta bateau mpaka ku mwambao. Hakuna mwenye alikufa. Aline alishuka Kalehe, akapanda voiture, gari, akapita Kavumu, akarudi kwangu mangaribi na nguo imekauka ku mwili. Espoir alikuwa analala. Ule maman wa avoka alienda zake na kapo yake. Jina yake hatuijui mpaka leo.

Papa Kulimushi alikuja ku bureau kesho yake. Alikaa ku kiti bila kuniangaria.

«Maman Aline, asubui nilihesabu. Zilikuwa kidogo. Niliandika kidogo. Nikaenda kuuliza ku guichet, banasema: muzee, écran iko verte, zinatosha. Nikajiambia labda balileta zingine, labda mikono yangu imezeeka.»

Mwenye alizigusa moja moja na mukono! Balimufanya asiamini mikono yake!

Nilifungua programu. Nilitafuta kila fasi kwenye mutu anasema gilets. Nikapata. Ilikuwa ligne moja, mustari moja mu fichier ya guichet, fasi yenye gilets haina kazi. Ilikuwa inasema hivi, kwa Kiswahili: gilets za bateau zikuwe sawa na hesabu ya batu benye banapanda. Kwa hiyo bilete moja ikiuzishwa, gilet moja inazaliwa. Papa Kulimushi anaandika hesabu yake ya kweli asubui, kiisha ku abiria wa kwanza ile ligne inaifuta. Écran haiwezi kuwa rouge tena mpaka mwisho wa dunia. Na ile attribut ya tiret mbili, Serge aliiita na jina yake yenye kugeuzwa, ile yenye luga inaficha. Hakukosea njia. Alizunguka nyumba mpaka akapata dirisha ya jikoni.

Nilimuita. Beignets zilikuwa ku meza.

«Serge, hii ni nini?»

Akaangaria. «Ah, ile. Ya Maman, si Patron alisema ikuwe verte?»

«Alisema verte. Alisema uzae gilets?»

«Ilikuwa ya muda. Nilipanga kuitoa zikifika zingine.»

«Uliona tiret mbili?»

«Niliona.»

«Zinasemaka nini?»

Akajaribu kucheka. «Ya Maman, ile tiret yako ni pazia. Si mulango.»

«Kwenu, Serge, mutu akiweka pazia ku fasi ya kuoga, na mama yako iko ndani, weye unaingia juu si mulango?»

Nikamuambia nani alikuwa mu bateau. Nikamuambia gilet ya Espoir ilitoka ku mwili ya nani. Serge alitoka inje, akaenda kukaa ku ngazi. Sikumufuata. Mutu mwingine angemufuata, na labda mimi mwenyewe mu miaka ingine ningemufuata. Ile siku, hapana.

Nilimupigia Tonton ku Uvira. Alisikiliza yote. Alisema na sauti ya kidogo: «Nilikufundisha adabu, sikukufundisha kufuli. Sikudhani.» Nilikasirika na yeye pia, rafiki. Nilimuambia: «Ulipashwa kuzani, Tonton. Weye njo ulikuwa unamuhesabu Aline.» Unités ya telefone ikaisha pale.

Sasa nafika ku ile yenye inanichoma kupita yote. Patron hakuleta gilets. Patron alileta misa. Misa ya kushukuru, na ma drap nyeupe ku banc ya mbele, na tarumbeta. Alisimama mbele ya batu bote, akasema: «Mungu ametenda! Hakuna ata mumoja mwenye amepotea!» Batu bakapiga mikono. Bamaman ba chorale bakasimama kuimba. Mi nilibaki nimekaa. Maman Président wa chorale akaniminya ku mukono.

«Simama, Maman Aline. Mutoto wako njo aliokoka!»

«Njo maana nimekaa.»

Mi naamini Mungu alikuwa mu ile bateau. Naamini alikuwa mu mikono ya ule maman wa avoka wakati inafungua ma kamba. Lakini sitakubali mutu amuchukue Mungu amuweke mu tundu yenye yeye mwenyewe alitoboa, kiisha asimame pembeni aseme ona, maji haiingie. Kiisha misa, Patron alinipatia mukono ku mulango ya kanisa. Nikaishika, sikuiachilia.

«Mungu ametenda, Patron. Sasa weye tenda.»

«Maman, leo ni furaha. Tusiharibu.»

«Kesho basi.»

Kesho sikungoja. Nilikaa ku machine, nikafanya yenye Tonton hakufanyaka. Niliondoa ile attribut mu programu ya guichet kabisa. Ukiitafuta, na tiret ao bila tiret, haiko. Hesabu inakaa mu tablette ya Papa Kulimushi, na neno yake ya siri, na programu ingine inaiuliza tu: ngapi? Inapewa jibu, haipewe kalamu. Nikaweka na mulango mupya: kila maman anapanda, guichet inauliza batoto, ba mugongoni na ba magoti. Mutoto anahesabiwa mutu moja, sawa ule mwanaume wa cravate.

Asubui ya kwanza, écran ikakuwa rouge sawa damu. Ku port batu banalalamika, banapiga mabati, banauliza nani amefunga bateau. Patron akapanda ngazi.

«Fungua.»

«Leta gilets.»

«Maman Aline, mi nasema fungua. Hapa si kwa baba yako.»

«Si ulisema tuko famille?»

Batu ba guichet balicheka, na ile njo ilimuchoma. Akaniambia: ufungue ao uende. Nikachukua clé yangu ku shingo, nikaiweka ku meza, juu ndani yake mulikuwa programu ya Patron. Kifuniko ya bic nikabakia nayo, ile ilikuwa ya Tonton. Serge alikuwa amesimama ku mulango. Alitaka kusema kitu. Nilipita. Papa Kulimushi alikuwa chini, tablette ku mukono, na alinisalimia sawa vile banasalimiaka mutu mukubwa, mikono mibili. Njo retraite yangu ile.

Kiisha hapo sijui. Nakuambia kweli, sijui kama Serge alifungua ao aliacha. Alinipigia telefone mara mingi, na bado sijajibu. Nikipona hasira nitajibu. Kutoka ku nyumba yangu, ukisimama fasi ya kuanika nguo, ziwa inaonekana. Kila asubui naona bateau inaondoka. Iko verte ao iko rouge, kutoka huku haionekane. Inaonekana nyeupe, na muzuri, na kila mutu ndani yake ni mutoto wa mutu.

Kwa hiyo weye mwenye unaandika programu, nakuomba na magoti: ukikuta jina yenye mwenzako aliifunga, ata na uzi, vuta mukono, enda umuulize. Akikuwa amekufa, uliza mwenye alimujua. Na mutu mukubwa akikuambia fanya ikuwe verte, muulize verte ya nini.

Na weye mwenye hauandike programu, hii nakuachia. Ielezee bengine, ku kanisa, ku muskiti, ku soko, mu foleni ya guichet, kwa Kiswahili ao kwa Mashi, fupi ao murefu. Baambie juu ya ile ligne moja. Baambie kama mu programu ya ile siku, ule maman wa avoka alikuwa na gilet, na Aline alikuwa na gilet, na ba nyuma benye balikuta mbao balikuwa nazo bote. Na Espoir, ukimutafuta mu ile programu kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakupanda bateau. Hakuna mwenye alimuandika.

Alafu siku yenye utapanda, mbele ya kukaa, simama ku guichet na sauti yako yote, bakucheke ao basikucheke, na uulize sawa vile Tonton alinifundisha: na huyu wa mugongoni, anaitwa nani?